Naamka usiku kuandika habari za mwanangu aliyefariki. Je, najiumiza?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Nina umri wa miaka 69. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtunza stoo. Nilipokea mzigo, nikauhesabu, nikauingiza kwenye leja, nikautoa, nikaandika tena. Mwandiko wangu ulisifiwa na kila bosi niliyemfanyia kazi, lakini sikuwahi kuandika sentensi hata moja iliyonihusu mimi. Hata barua hii imenitoa jasho.

Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Watoto walinizunguka vizuri na siwezi kuwalaumu. Lakini msiba ukiisha watu hurudi makwao, na mimi nikabaki na nyumba. Usingizi ukanikimbia. Usiku mmoja nikachukua daftari ambalo mjukuu alilisahau mezani, limetumika kurasa chache tu, nikaanza kuandika. Nilidhani nitaandika habari za mke wangu. Kalamu haikwenda huko. Ilikwenda kwa mtoto wetu wa kwanza.

Kifungua mimba wetu alikuwa mvulana. Alifariki akiwa na miaka minne, kwa homa iliyompanda jioni na kumchukua kabla hakujapambazuka. Sasa ni zaidi ya miaka 40. Mimi na mama yake hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Narudia: hatukuwahi. Tulizaa wengine, tukawalea, tukawasomesha, na jina lake halikutajwa ndani ya nyumba yetu mpaka mama yake anaingia kaburini. Muda mfupi kabla hajaugua nilikuwa nimemnunulia viatu vyekundu vya ngozi. Nilichukua vilivyomzidi ili adumu navyo, tukavijaza karatasi upande wa vidole. Sijui viatu vile vilikwenda wapi. Mama yake ndiye aliyevitoa, nami sikumuuliza.

Mwanzoni niliandika vile ninavyojua: tarehe, kisha maneno mawili matatu. Kaugua. Tumempeleka. Amefariki. Kama nafunga hesabu za mwezi. Sasa naandika kurasa nzima. Huamka saa tisa usiku na kuandika mpaka kunakucha. Siku nyingine nikimaliza najiona mwepesi, napata hata hamu ya kutembea. Siku nyingine nabaki nimekaa pale pale, kifua kimebana, na siku yote inaharibika.

Sasa yamezuka mambo. Binti yangu alikuja kunipangia chumba, akalikuta daftari, akasoma. Alijua tu kwamba kuna mtoto aliyetangulia. Hakuwahi kujua jina lake wala umri wake. Alilia sana, kisha akaniambia, "Baba, hayo yameshapita, kwa nini unajichimbua?" Anataka niache. Mdogo wake wa kiume anasema kinyume: nitoe kitabu, na yuko tayari kugharamia. Wenzangu ninaokaa nao jioni wananicheka. Wanasema mzee mzima anayekesha na daftari kama mwanafunzi wa mtihani ameanza kupotelewa na akili.

Naomba unijibu bila kunibembeleza. Je, najiumiza? Je, nimechelewa? Nina haki gani ya kuandika habari za marehemu mke wangu, ambaye alichagua kunyamaza? Na madaftari haya niyafanye nini? Kuna usiku nilikuwa nimeshashika kiberiti.

Ni mimi,
Mtunza Stoo Mstaafu


JIBU

Shikamoo mzee wangu.

Pole kwa mkeo, na pole kwa mwanao. Najua pole hii ya pili imechelewa miaka mingi, na pengine hukupewa na watu wengi wakati ule, kwa sababu mlifunga mlango mapema. Naitoa leo.

Umeniomba nisikubembeleze, kwa hiyo naanza na swali lako zito. Kuandika hakukuumizi. Kinachokuumiza ni namna mbili tatu za uandishi wako, na hizo zinarekebishika. Usiache.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi 46 wa chuo kikuu. Waliwaambia waandike dakika 15 kila siku, kwa siku nne mfululizo. Kundi moja liliandika mambo ya kawaida yasiyo na uzito. Mengine yaliandika jambo lililowaumiza kuliko yote maishani, lakini kwa njia tofauti: wengine walieleza matukio peke yake, wengine hisia peke yake, na wengine matukio pamoja na hisia zake. Mara tu baada ya kuandika, waliogusa hisia walionekana na huzuni zaidi, na shinikizo la damu lao lilipanda kidogo. Lakini katika miezi iliyofuata, wale walioandika matukio na hisia kwa pamoja ndio waliokwenda kumwona daktari wa chuo mara chache zaidi.

Nimekueleza kwa kirefu kwa sababu barua yako yote imo humo. Kifua kinachobana baada ya kuandika si ushahidi kwamba umekosea. Hata wale waliofaidika walinyanyuka kwenye kiti wakiwa na huzuni. Na yale maandishi yako ya mwanzo, "Kaugua. Tumempeleka. Amefariki," yalikuwa matukio bila hisia. Wewe mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, ulihama kutoka huko ukaingia kwenye kurasa nzima. Ulikwenda upande unaotakiwa.

Mwaka 1999 Joshua Smyth na wenzake walijaribu njia hiyo kwa wagonjwa wa pumu na wa baridi yabisi ya viungo. Wagonjwa waliandika dakika 20 kwa siku tatu. Baada ya miezi minne, 47 kati ya kila 100 ya walioandika mambo mazito walikuwa na nafuu ya kuonekana kitabibu, ukilinganisha na 24 kati ya kila 100 katika kundi lililoandika mambo ya kawaida. Baada ya hapo zimefanyika tafiti nyingi mno, na mwaka 2006 zilijumlishwa 146 kwa pamoja: faida ipo, lakini kwa wastani ni ndogo. Kwa waliofiwa, ziko tafiti zilizoona kwamba kuandika peke yake hakukuwaharakishia kupona. Kwa hiyo akikuambia mtu kwamba daftari ni dawa ya kila kitu, usimwamini. Ila huzuni yako, mzee wangu, ina jambo la ziada. Umefiwa, halafu ukanyamaza juu ya msiba huo kwa zaidi ya miaka 40. Watu wengi waliofiwa hulia na majirani, husimulia mara mia, huulizwa na kujibu. Wewe daftari ndiye mtu wa kwanza uliyemwambia. Ndiyo maana nasema lisikuponyoke.

Sasa tuje kwenye yale ya kurekebisha.

La kwanza ni muda. Kuanzia saa tisa usiku mpaka kunakucha ni saa tatu, na hakuna mtu anayebeba jambo kama hilo saa tatu mfululizo, kila usiku, asielemewe. Watafiti wenyewe waliwapa vijana dakika 15! Hamishia uandishi asubuhi, baada ya kunywa chai na jua limeshatoka. Jiwekee dakika 20 tu, uzipime kwa saa ya mkononi au ya ukutani. Zikiisha, malizia sentensi uliyo nayo, funga, na uwe umeshapanga kitu cha kufanya na mwili: kutembea, kumwagilia mimea, kwenda kumjulia hali mtu. Usiku ukiamka, usiguse daftari lile. Kaa, omba kama ni mtu wa kuomba, sikiliza redio kwa sauti ya chini. Likikujia wazo unaloogopa litapotea, liandike kwa mstari mmoja kwenye kipande cha karatasi, basi, utaliendeleza asubuhi.

La pili ni la ndani zaidi, na naomba ulifanyie kazi kwa utulivu. Pennebaker na wenzake walipoyachambua maandishi ya watu, waliona kwamba waliopata nafuu walibadilika kadiri siku zilivyokwenda. Maneno kama "kwa sababu", "ndiyo maana", "sasa naelewa" yaliongezeka. Pia walihama kutoka "mimi, mimi" kwenda kuwatazama wengine waliokuwemo, kisha wakarudi kwao wenyewe. Wale ambao siku ya mwisho waliandika vile vile kama siku ya kwanza hawakufaidika sana. Sasa chukua daftari lako la kwanza na hili la mwisho, yaweke sambamba mezani, utafute usiku ule wa homa katika kila moja. Je, ni maneno yale yale? Kama lipo swali moja, mathalani "ningemwahisha mapema", linalorudi kila baada ya kurasa chache kwa sura ile ile, basi pale huandiki tena. Unajihukumu kwa kalamu. Swali hilo lipe karatasi yake. Andika juu yake kila ulichokijua saa ile, na hasa kila ambacho hukukijua. Ulikuwa baba kijana, na homa inayopanda jioni na kuua kabla ya alfajiri haimpi mzazi nafasi ya kutafakari.

La tatu: liko jambo Pennebaker hulisisitiza mwenyewe, na mimi nalipenda kwa sababu lina huruma. Ukihisi mada fulani inakuvuka, kwamba ukiendelea nayo leo utapasuka, iache. Andika nyingine. Hakuna anayekusimamia. Na kwa kuwa umetaja kifua kubana, nenda kapimwe shinikizo la damu na moyo. Usichukulie kwamba ni huzuni tu, kwa umri wako moyo unastahili kuangaliwa na mtu mwenye vipimo. Ukiona pia kwamba kwa wiki kadhaa hata mchana huna hamu ya kitu, chakula hakishuki, au yanakujia mawazo kwamba afadhali ungewafuata, mwambie binti yako siku hiyo hiyo, mwende kwa daktari. Sonona si sehemu ya uzee. Ni ugonjwa, na wazee hutibiwa wakapona.

Nimefika kwa hao wenzako wa jioni. Hawana nia mbaya, lakini wanarudia dhana iliyoachwa zamani. Kuna wakati hata madaktari wengi walimwona mzee anayerudia rudia habari za ujana wake kuwa ni mtu ambaye akili zinamtoka. Mwaka 1963 Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyekuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya taifa ya utafiti wa uzee nchini mwake, aliandika makala akisema sivyo. Aliliita jambo hilo mapitio ya maisha. Alieleza kwamba mtu akihisi safari inakaribia mwisho, yale aliyoyaacha bila kuyamaliza hurudi yenyewe yakidai kutazamwa, na akiyatazama vizuri anaweza kupata amani, ingawa njiani anaweza kupita kwenye majuto makali. Sasa jiangalie. Mkeo alipofariki, ulikaa kumwandika yeye, kalamu ikaenda kwa mtoto. Mtu wa pekee aliyekuwa akiibeba siri ile pamoja nawe alikuwa ameondoka, na mzigo wote ukakubakia. Kwangu hiyo ni akili inayofanya kazi yake barabara.

Kama umechelewa? Hapana. Laura Ingalls Wilder, mwandishi wa Marekani, alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1932 akiwa na miaka 65. Frank McCourt alifundisha shule kwa miongo mitatu kabla ya kutoa kumbukumbu za utoto wake mwaka 1996, akiwa na miaka 66. Na katika lugha yetu wenyewe tunaye Mwana Kupona binti Msham, ambaye karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa kumwachia maneno. Alifariki muda mfupi baadaye. Hakuwa anatafuta jina. Alikuwa na mtoto mmoja mbele yake na jambo la kumwambia. Leo tunalo. Huyu ndiye ninayetaka umfikirie zaidi kuliko hao wawili wa kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu ya mwanao wa kiume na kitabu chake. Mapenzi yake nayaona, lakini mwambie asubiri. Una maandishi ya aina mbili na umeyachanganya kwenye madaftari yale yale, na nadhani kichwa kinakuuma hasa kwa sababu hiyo. Yako maandishi ya kujitua. Hayo hayana msomaji. Hayahitaji kuwa mazuri wala ya haki. Unaweza kumlaumu mkeo, kumlaumu Mungu, kulia kwa wino. Halafu yako maandishi ya kuacha, ambayo mtu mwingine atayasoma na ambayo yanahitaji uyapime kwa utulivu. Aina ya kwanza ikisomwa na mtu, huumiza, kama ilivyomuumiza binti yako. Aina ya pili ikiandikwa kwa moto wa aina ya kwanza, haisimami. Kwa hiyo kuanzia kesho uwe na madaftari mawili. La kwanza andika juu yake kwa herufi kubwa: LA BABA, LISISOMWE. Lifungie. La pili liache mezani. Wewe ni mtunza stoo, huhitaji kufundishwa kutenganisha shehena.

Katika hili la pili usianze na usiku wa homa. Anza na viatu.

Barua yako ina mambo mengi, lakini nilipofika kwenye viatu vyekundu vilivyojazwa karatasi upande wa vidole, nilimwona mtoto. Kabla ya hapo nilikuwa nimeona tarehe tu. Basi kaa na siku ile moja. Nani alikuwa dukani? Alivikataa au alivipenda? Alipotembea navyo mara ya kwanza vilitoa mlio gani? Nani alikunja ile karatasi, wewe au mama yake? Usieleze kwamba ulimpenda. Andika mlivyovijaza, basi. Mwisho wa ukurasa utakuwa na mvulana wa miaka minne anayetembea, na binti yako atakuwa amekutana na kaka yake kabla hajakutana na kifo chake. Alipolikuta daftari alikutana na kifo kwanza.

Ukishaandika viatu, nenda kwingine kabisa. Maisha yako si msiba mmoja. Alikuwepo mtaalamu wa uzee aitwaye James Birren aliyewafundisha watu wazima kuandika habari zao kwa mada, kurasa mbili kwa kila mada, kisha kusomeana: njia panda za maisha, familia, kazi na pesa, afya na mwili, kifo. Kazi yako peke yake inaweza kujaza daftari. Nani aliyekufundisha kuhesabu mzigo? Nini kilipotea stoo ukalaumiwa, na baadaye kikaonekana wapi? Bosi gani ulimwogopa? Mlikuwa mnaanzaje siku, harufu ya stoo ile ilikuwaje mlango ukifunguliwa asubuhi? Ukikwama, rudi kwenye miaka yako ya ujana, kati ya 10 na 30. Watafiti wa kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba watu wazima hukumbuka miaka hiyo kwa wingi kuliko mingine, kwa hiyo huko ndiko utakakokuta mambo yamejaa mpaka mlangoni. Na mzee, hapa pana raha. Sitaki ufikiri nakupa tiba tu. Kutafuta neno linalokaa mahali pake na kulipata ni furaha ya kweli, wala haina umri. Mtu aliyeandika mali za wengine kwa mwandiko mzuri miaka yote ile anastahili kuandika kilicho chake.

Macho yakichoka au vidole vikikataa, tafuta daftari la mistari mipana na kalamu nene, au ongea na simu ya mkononi irekodi, mjukuu akuandikie baadaye. Masimulizi ya mdomo si maandishi ya daraja la pili.

Swali gumu kuliko yote ni la mkeo. Una haki gani?

Una haki ya kusimulia yaliyokupata wewe, na kunyamaza kwenu kulikupata wewe pia. Huna ruhusa ya kusema yeye alinyamaza kwa nini, kwa sababu hujui. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu walikuwa na maana yao, lakini mshindo wa mkeo hukuusikia. Ulikuwa upande wa pili wa ukuta ule ule. Andika hivyo hivyo: "Sikumuuliza." Neno hilo limo kwenye barua yako tayari, na lina uzito kuliko maelezo yoyote utakayombunia. Halafu, katika lile daftari lililofungwa, mwandikie yeye barua. Mwite kwa jina ulilomwita mkiwa wawili. Muulize kuhusu viatu. Muulize alivipeleka wapi, kama alivificha mahali miaka yote hiyo, kama alikuwa akikusubiri wewe uanze. Mwambie ulichotaka akuulize na wewe. Huenda barua hiyo ikachukua siku nyingi. Kama alikueleza jambo la siri la mwili wake au la ukoo wake, hilo libaki kwenye daftari la kufungwa, na ukienda liende nawe.

Binti yako naye asionekane mkosaji, ingawa kulisoma daftari la mtu bila idhini si vizuri na unaweza kumwambia hivyo kwa upole. Fikiria alichokipata: ndani ya dakika chache amegundua kwamba wazazi wake walikuwa na jeraha ambalo yeye amelala juu yake maisha yake yote. Anaposema "yameshapita" mimi nasikia mtu aliyeogopa. Usimjibu kwa hoja wala kwa hizi tafiti zangu. Muite siku moja mkiwa peke yenu, umpe ule ukurasa wa viatu, umsomee wewe kwa sauti yako, uishie hapo. Umtajie jina la kaka yake. Atakuwa na maswali. Jibu unayoyaweza, na lile usiloweza leo mwambie, "Hilo naliandika, nitakusomea." Huenda naye ana vipande: labda siku moja alimkuta mama yake akilia na hakuambiwa kwa nini. Uliza. Unaweza kupata kwake kitu ambacho mkeo hakuweza kukupa wewe.

Kuhusu kuchapisha, maandishi ya kuacha yakishakaa sawa, mwanao anaweza kuyachapa kwenye kompyuta na kutoa nakala chache za familia, zikafungwa vizuri. Hicho tayari ni kitabu. Mkitaka kwenda mbali zaidi, wapeni kwanza watu wawili wasiokuwa ndugu wasome na waseme ukweli, na msikimbilie kumlipa mtu anayewaahidi umaarufu ilhali hajasoma hata ukurasa mmoja.

Na kiberiti. Una haki ya kuyachoma madaftari, yote au baadhi. Maandishi ya kujitua yakishafanya kazi yake hayadai kutunzwa, na wapo wanaoyachana kila baada ya kuandika, nafuu ikabaki kwao. Lakini uamuzi huo usiufanye usiku, usiufanye ukiwa peke yako na hasira, wala usiufanye mwaka huu. Pitia kwanza kwa mchana, nakili kwenye daftari la mezani kila mahali ambapo mwanao anaonekana akiwa hai: alivyocheka, alivyolala, alivyoyatamka maneno vibaya. Yaliyobaki yafungie, ufunguo umpe unayemwamini, na juu ya bahasha uandike kwa mkono wako unataka yafanyiwe nini utakapokuwa hupo.

Niandikie tena ukishaufikia ule ukurasa wa viatu. Ningependa kuusoma, kama binti yako ameshausikia.